Swali la Wifi Salma

Harusi ya Hamisi imepita salama na wageni wa Tanga wameshaondoka, lakini mimi nimebaki na swali moja la wifi Salma ambalo limekataa kutulia moyoni. Tulikuwa uani tunamenya viazi vya pilau, ushungi ukanichomoka, na kile kipara cha mviringo nyuma ya sikio kikaonekana na wote waliokuwepo.

“Wifi, si ulituambia ni tezi? Dawa unameza kila asubuhi, mbona nywele hazioti?”

“Muache mwenzio amenye viazi,” akasema mama mkwe.

Nikajibu kwamba zitaota, Inshallah, nikaendelea kumenya.

Tangu hapo swali hilo nalisikia nikipika, nikiwa kwenye daladala, hata nikiwa juu ya mswala. Salma aliuliza kwa nia njema, na hilo ndilo linalozidisha uchungu, maana hata wanaonipenda wanadhani vidonge hivi ni dawa ya kipara. Tezi ya shingo inapozorota, nywele hupungua kichwa kizima na kuwa kavu, na hizo ndizo ambazo levothairoksini, yaani vidonge vyangu vya homoni ya tezi, husaidia kuzirudisha taratibu homoni ikishakaa sawa. Kipara changu kina njia yake: kinga ya mwili wangu inashambulia mashina ya nywele, kama inavyoshambulia tezi katika ugonjwa ambao daktari wa Kijapani, Hashimoto, aliueleza mwaka 1912. Maradhi haya ni watoto wa baba mmoja waishio nyumba mbili. Akionekana mmoja, daktari huuliza habari za mwenzake, ndiyo maana nilikwenda kuonyesha kichwa nikaishia kutolewa damu ya kupima TSH, homoni inayoonyesha kama tezi inafanya kazi sawasawa. Lakini kumtuliza mmoja hakumtulizi mwingine. Hata zile bayotini, vidonge vya vitamini ya nywele, alizoniletea Salma kutoka Muscat nimeziweka kabatini kwa sasa, kwa kuwa huweza kupotosha majibu ya vipimo vya tezi.

Hayo yote ningemwambia pale uani, kama si wingi wa watu.

Jana usiku, nikipaka mafuta, kidole kilipita juu ya kipara na hakikuteleza kama kilivyozoea. Nikachukua kioo cha pili nikatazama: malaika meupe yamechomoza pembezoni, pale pale nilipochomwa sindano za steroidi, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Daktari alikwisha kunieleza kwamba mashina hayafi katika ugonjwa huu, na kwamba nywele za kwanza mara nyingi hutoka nyeupe, lakini kuelezwa na kujionea ni mambo mawili. Nilimwamsha Baba Zuhura ili naye ashike.

Leo asubuhi nimemkata Zuhura kucha, nikaona vishimo vidogo vidogo kwenye vidole viwili. Mimi pia ninavyo, na huandamana na maradhi haya ya kipara, ingawa vina sababu nyingine nyingi na nywele za mtoto ni tele. Jumatano nikifuata majibu yangu nitakwenda naye, na baba yake sijui nimweleze vipi kabla ya hapo.