Saa Niliyokataa Kuirekebisha

Huu ni usiku wangu wa tisa hapa Yokohama, na saa yangu ya mkononi bado inafuata majira ya Tanga. Niliinunua Kariakoo kwa bei ambayo sithubutu kuitaja mbele ya wenyeji wangu, na kabla ya kuondoka niliazimia kutoigusa hadi nitakaporudi, kwa sababu mama yangu hunywa dawa za presha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na mimi ndiye ninayempigia simu kumkumbusha. Mafunzo haya ya mafundi wa maji ni ya wiki tatu tu. Niliona ni heri nisumbuke kukokotoa saa za ugenini kuliko kuikosa saa ya mama hata siku moja.

Safari yenyewe ilianza kwa basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusafiri mbali hivi bila mwenzangu. Hata hivyo, nikikumbuka vizuri, kutoka Dar hadi Doha sikuwa peke yangu. Nusu ya safu za nyuma walikaa mabinti waliokuwa wakienda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, wengi wao wakipanda ndege kwa mara ya kwanza, na ndege nzima ilijaa Kiswahili cha kila mkoa. Aliyekaa karibu nami aliniamkia, kisha akaniomba nimfungie mkanda. Nilipomwonyesha, aliufungua na kuufunga tena mara tatu ili auzoee, halafu akamfundisha mwenzake ng'ambo ya ujia kwa sauti ya mtu aliyeufunga maisha yake yote. Tulipotua Doha, walikusanywa upande mmoja na mtu aliyeshika karatasi yenye majina, nami nikafuata vibao vya abiria wanaounganisha ndege. Yule binti alinipungia mkono. Tangu hapo sikusikia neno la Kiswahili lililotoka kinywani mwa mtu aliye mbele yangu, na ndipo nilipoelewa kuwa safari ya peke yangu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Pale uwanjani Doha yupo dubu mkubwa wa sanamu, wa rangi ya njano, aliyechomekwa taa kichwani, na watu hupiga picha mbele yake usiku na mchana. Mimi nilikaa karibu naye kwa sababu moja tu, kwamba nisingeweza kupotea nikiwa chini yake. Majira ya Doha ni sawa na yetu, kwa hiyo saa yangu ilikuwa bado ni mkweli.

Uongo wake ulianza angani. Tuliondoka saa nane usiku, na baada ya saa moja na nusu hivi, kabla wahudumu hawajamaliza kuondoa sahani, nyuma ya kipazia cha dirisha kulionekana mstari wa rangi ya chungwa. Ilikuwa saa tisa na nusu usiku kwa saa yangu, na jua lilikuwa linachomoza. Nilikuwa nimekwisha kuswali Alfajiri nikiwa nimekaa kitini, nikikisia kibla kwa ile ramani ya kwenye kioo, na sasa nikawa natazama mchana ukija kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu tulikuwa tunaliendea jua badala ya kulisubiri. Kisha mhudumu akapita akiomba tushushe vipazia ili watu walale, na ndege ikarudishiwa usiku wa bandia.

Sikulala. Saa mbili asubuhi ilipofika, ramani ilionyesha tuko juu ya China, na nilipoinua kipazia kidogo niliona kuwa jua limefika utosini. Wakati wa vidonge vya mama na wakati wa Adhuhuri viligongana juu ya mawingu, na simu yangu haikuwa na mtandao. Nilikuwa nimempa mpwa wangu jukumu hilo kwa siku ile moja, naye ni mtoto wa kutegemewa, lakini nilijikuta nimeishika simu mkononi kama mtu anayesubiri kupigiwa. Nadhani upweke wa ndege ndefu hauletwi na wageni wanaokuzunguka. Jirani yangu, mzee wa Kijapani, alikuwa mpole na alinigawia peremende. Unaletwa na kule kujua kwamba kwa saa kumi hakuna mtu wako anayeweza kukupata, na mambo ya nyumbani yanakwenda bila wewe, pengine vizuri tu.

Tulitua Narita wakati mvua ya manyunyu ikinyesha, maana mwezi wa Juni huku ni msimu wa mvua. Nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji, nikisubiri kupigwa picha na kuweka vidole vya shahada kwenye kile kioo kidogo, nilitazama juu nikaona saa ya ukutani, mshale wake mfupi ukiwa kwenye sita. Kwa uchovu nikaisoma kama ilivyo: saa sita. Nikatazama ya mkononi: mshale mfupi kwenye kumi na mbili, ambao kwetu ni saa sita mchana. Nilishtuka kidogo. Wajapani walikuwa wanakaribia jioni, tumbo langu lilikuwa linadai chakula cha mchana, na bado tulikuwa tunasoma namba moja.

Jambo hilo nililielewa vizuri siku ya pili, nilipolichora kwenye daftari. Japani inafuata longitudo ya nyuzi 135, inayopita katika mji wa Akashi, na sisi tunafuata ya nyuzi 45. Tofauti ni nyuzi 90, na kwa kuwa kila nyuzi 15 ni saa moja, wao wametutangulia saa sita. Lakini sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna saa sita nyingine ya kwetu wenyewe: tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo tunaona mshale mfupi kwenye saba na kutamka saa moja, wala hatujui kama tunapiga hesabu. Sita na sita ni kumi na mbili, mzunguko mmoja kamili. Maana yake ni kwamba kila saa ya ukutani nchini Japani inaonyesha, kwa namba zake zenyewe, ile saa ambayo mama anaitamka Tanga. Mshale ukifika mbili darasani, nakwenda kwenye korido kupiga simu. Kumbe nadhiri yangu ya Kariakoo haikuwa na kazi.

(Jambo jingine lililonichekesha lilitokea usiku ule ule wa kufika. Mwenyeji aliyekuja kunichukua kituo cha basi alipowasha gari, sauti ya mwanamke ilisema maneno ninayoyajua kwa moyo, kwa kuwa ndiyo husemwa na gari la binamu yangu, Toyota IST, kila linapowashwa. Nilimwomba anitafsirie. Miaka yote hiyo yule mama alikuwa anatukumbusha kuwa hatujaingiza kadi ya kulipia barabara.)

Kuhusu usingizi, sina la kujivunia. Kila usiku naamka saa nane, mwili ukidhani kuwa ni baada ya Isha na watu bado wako barazani. Mwanzoni nilikuwa nalala macho nikitazama dari. Sasa naona afadhali nipige simu. Leo nilipoamka, saa ndogo ya kando ya kitanda ilionyesha mbili kamili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti nzito? Huko saa ngapi?"

Ningeweza kumwambia kuwa ni saa nane za usiku, naye angenigombeza kwa kukesha. Niliitazama ile saa ya mezani nikamsomea kilichoandikwa.

"Saa mbili, mama."

"Kumbe sawa na huku," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeondolewa mashaka. "Basi ngoja, usikate."

Nikasikia karatasi ya vidonge ikipasuka, mara moja, kisha mara ya pili, na maji yakimiminwa kutoka kwenye lile jagi lenye mfuniko unaolia.