Mpira, kibao na ukuta: nilivyojifunza kuprogramu

Nilianza na faili moja tupu la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti. Sikutumia injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu) wala maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na mtu mwingine. Nilitaka mpira mmoja udunde ndani ya kisanduku, na nielewe kila mstari unaoudundisha. Masomo ya video nilishayaangalia mengi, lakini nikizima video kichwani hakibaki kitu.

Mpira wenyewe ni namba nne tu: mahali ulipo kwa mlalo, mahali ulipo kwa wima, na kasi mbili za kwenda pande hizo. Ukifika ukuta wa kulia, kasi ya mlalo inageuzwa kutoka chanya kuwa hasi. Basi, umedunda! Nilikaa nikiutazama kwa muda mrefu kwa furaha.

Kilichonifungua macho zaidi ni kwamba kwenye skrini hakuna kitu kinachosogea. Unafuta picha yote, unabadilisha namba, unachora upya. JavaScript, lugha ya kuprogramu kurasa za wavuti, ina amri ya requestAnimationFrame, ambayo kupitia hiyo kivinjari kinaita msimbo wako kila kinapojiandaa kuonyesha picha mpya, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Kwa kawaida, nasema, kwa sababu zipo skrini za mara 120 na za mara 144. Ukiandika mpira usogee pikseli 5 (nukta 5 za skrini) kila fremu, yaani kila picha mpya, kwenye skrini ya 120 utakimbia mara mbili. Kwa hiyo kasi inapimwa kwa sekunde: unachukua muda uliopita tangu fremu iliyotangulia, unauzidisha kwa kasi, unapata umbali. Kanuni hiyo niliikariri shuleni kwa ajili ya mtihani. Hapa niliiandika mwenyewe na mpira ukaitii.

Halafu likaja suala la kibao, yaani kipande ambacho mchezaji anakisogeza ili kuurudisha mpira. Chukua mpira unaokwenda pikseli 900 kwa sekunde. Kwa fremu 60, kila fremu unaruka pikseli 15. Kibao changu kilikuwa na unene wa pikseli 10, na mpira ni mdogo. Fremu moja uko mbele ya kibao, inayofuata uko nyuma yake, na hakuna hata fremu moja iliyouona ukikigusa. Umepenya. Suluhisho nililolipenda ni kutouliza tu mpira uko wapi sasa, bali pia ulikuwa wapi kabla: kama njia kati ya sehemu hizo mbili imekata mstari wa kibao, umegonga. Hapo ndipo niliposhika maana ya kuhifadhi hali ya nyuma kwenye kigeu, yaani jina linalotunza namba ndani ya programu.

Ninamshauri kila anayeanza aanze na gemu ya namna hii. Hata Pong, gemu ya mpira na vibao ya kampuni ya Atari, mwaka 1972 mhandisi wake Allan Alcorn alipewa kama zoezi la kujifunzia kazi. Nayo haikuwa na programu ndani yake. Ilikuwa saketi za elektroniki peke yake, jambo ambalo bado linanistaajabisha.

Alama na sauti havikunisumbua. Sasa niko kwenye pembe: mpira ukigusa ncha ya kibao utoke kwa mshazari mkali, ukigusa katikati urudi karibu moja kwa moja. Kuna namba moja inayoamua ukali huo. Naibadilisha, nafungua ukurasa upya, nacheza, naibadilisha tena.