Kumbukumbu ya mradi: JavaScript yote imehamia kwenye tabo

Wiki hii programu yetu ya hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa haikupata kipengele kipya. Nimeshughulikia mianzo ya mistari tu: mafaili yote ya JavaScript yametoka kwenye nafasi (herufi tupu za kitufe kirefu cha chini) na sasa yanatumia tabo, ile herufi moja inayotokea ukibonyeza kitufe cha Tab.

Sababu ni mwenzangu ninayeandika naye. Ana uoni hafifu, anasoma kwa maandishi makubwa sana, na mstari mmoja wa skrini yake haubebi zaidi ya herufi 40. Ukiwa ndani ya kitanzi kilicho ndani ya sharti, nalo liko ndani ya funksheni, tayari nafasi 12 zimekwenda kabla ya neno la kwanza. Karibu theluthi ya skrini ni weupe mtupu! Na nafasi hazipungui mpaka uguse faili lenyewe. Tabo inasema tu "ingia hatua moja"; upana wa hatua anaupanga msomaji kwenye kihariri chake. Yeye kaweka 1, mimi 4, faili ni lilelile.

Python nimeiacha na nafasi 4 kama PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, inavyopendekeza. Makefile, faili la amri za kujenga programu, haina mjadala: kwa kawaida amri huanza na tabo. YAML, ya mafaili ya mipangilio, nayo inakataa tabo kwenye mianzo ya mistari. Yote yameingia kwenye .editorconfig, faili linaloviambia vihariri vianze mistari vipi:

```
[*.js]
indent_style = tab

[*.py]
indent_style = space
indent_size = 4

[Makefile]
indent_style = tab

[*.yml]
indent_style = space
indent_size = 2
```

Kugeuza kwenyewe nimeiachia Prettier, programu inayopanga msimbo, kwa `useTabs: true`. Pamoja na hayo nilikagua kwa jicho maandishi ya risiti yaliyo ndani ya alama za ` `, maana humo nafasi ni sehemu ya risiti yenyewe: ndizo zinazopanga safu ya majina na safu ya fedha. Hazikuguswa. Kisha `git diff -w`, amri ya Git (mtunza historia ya msimbo) inayolinganisha bila kuhesabu weupe, ikarudi tupu, yaani hakuna kilichobadilika isipokuwa weupe.

Badiliko hili limeingia peke yake, na namba yake iko kwenye .git-blame-ignore-revs, orodha ya mabadiliko ya kurukwa, ili `git blame` iendelee kumtaja aliyeandika mstari kweli. Inahitaji Git 2.23 au mpya zaidi.

Imebaki CSS, mafaili ya mwonekano wa kurasa. Tutaanzia ukurasa wa mikopo, ambao mwenzangu anaufanyia kazi sasa.