Punda Hali Tangu Yana: Siku Yangu Moja Lamu

Saa 11 na nusu alfajiri

Simu ililia nikiwa bado kwenye msala wa kuswalia. Nilipomaliza nilikuta ujumbe wa sauti wa ami mmoja wa mtaa wa Langoni: "Mwanangu, punda hali tangu yana. Amesimama tu."

Yaani, hajala tangu jana. Lakini hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyonitoa nyumbani bila chai. Farasi akisokotwa na tumbo hugaagaa, hujipiga mateke, hulowa jasho, hata mpita njia ataona. Punda husimama. Huinamisha kichwa, masikio yakalala kidogo, basi. Katika kazi hii ya kutibu punda nimejifunza kuogopa punda aliyetulia kuliko anayerusha mateke.

Saa 12 na robo

Nilimkuta ukutani mwa nyumba ya ami, jike la kijivu la miaka kama kumi. Nyasi za jana hazijaguswa. Mapigo ya moyo 64 kwa dakika, na punda mzima aliyepumzika huwa kati ya 36 na 52 hivi. Ufizi mkavu, rangi imeanza kuiva. Nikaweka chombo cha kusikilizia ubavuni kulia, nikangoja. Utumbo wa punda mzima hunguruma kama bahari ya mbali. Huu ulikuwa kimya.

"Amekunya lini, ami?"

"Juzi jioni, kidogo. Vidonge vigumu."

Ami alikuwa amemtoa kazini siku ile ile, na hilo limemsaidia sana. Wengi husubiri punda aanguke ndipo wapige simu. Nikamwomba amlete kliniki polepole, na amlete na yule dume mwenzake.

"Huyo haumwi."

"Najua, ami. Lakini akiachwa peke yake, ataacha kula hata tukimponya."

Punda hufanya urafiki wa kudumu. Kumtenga mgonjwa na mwenzake ni kumwongezea ugonjwa.

Saa 1 na nusu asubuhi

Daktari wetu mkuu alikuwa Mokowe, ng'ambo, kwa hiyo tulizungumza kwa simu. Mimi nina stashahada ya afya ya mifugo. Watu huniita daktari wa punda, lakini upasuaji si wangu, na mgonjwa wa namna hii simgusi bila maelekezo. Sindano ya maumivu kwenye mshipa kwanza, halafu mpira wa puani.

Punda, kama farasi, hawezi kutapika. Kitu kikiziba chini, tumbo linajaa maji na hewa mpaka lipasuke. Kwa hiyo tunapitisha mpira tundu la pua, tunamngoja ameze, tunausukuma hadi tumboni. Hapa ndipo mikono yangu huwa baridi kila mara, maana njia ya hewa iko jirani kabisa, na ukimimina dawa mapafuni umemuua. Nikautazama ubavu wa kushoto wa shingo mpaka nikauona mpira ukishuka kwenye koo la chakula. Nikanusa ncha: harufu ya nyasi zilizochacha. Ndiko. Yakatoka maji machafu kidogo, kisha nikamimina maji ya vuguvugu na mafuta ya kulainisha.

Nikatoa damu kwenye kichupa, nikakisimamisha dirishani. Punda asiyekula siku mbili tatu mwili wake hufumua mafuta na kuyamwaga kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Damu ikishatulia, maji ya juu yakiwa meupe kama tui, una ugonjwa wa pili unaoua kuliko ule wa kwanza. Ya huyu yalikuwa na ukungu mwepesi. Hayakuwa tui bado.

Saa 3 hadi saa 6

Foleni. Nitayapita mengi: kwato mbili za kuchonga, jicho lenye chongo, mtoto wa punda wa minyoo.

Nitasimama kwa kijana wa mtaa wa Mkomani na dume lake lenye kidonda mgongoni, upana wa kiganja. Lamu barabara za gari hazipo mjini, vichochoro vingine watu wawili hupishana kwa ubavu, kwa hiyo mchanga, mawe na saruji vyote hupanda mgongo wa punda. Dume hili nililikadiria kilo 130, na hubeba mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja.

"Mmoja tu, kaka, mpaka kidonda kifunge. Na hata kikifunga."

"Dada, nalipwa kwa safari. Nikibeba mmoja, nyumbani tutakula nusu."

Sikumjibu upesi, kwa sababu anasema kweli. Fundi anayemlipa ndiye angepaswa kusimama pale mbele yangu. Tulichoweza kukifanya tulikifanya: kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi, tukaukagua ule mto wa gunia unaokaa chini ya shogi, ule mfuko wa mzigo wa pande mbili. Ulikuwa bapa kama chapati. Tukaujaza makumbi ya nazi pande mbili, tukaacha mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe kabisa, na kamba ya nailoni chini ya mkia tukaizungushia kitambaa. Akaahidi siku kumi za mapumziko. Nikamwomba tano ninazoweza kuziamini, akacheka, akakubali saba.

Kabla hajaondoka nikalichoma dume chanjo ya pepopunda. Jina lenyewe lina punda ndani yake, na wazee hawakukosea: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa kwa urahisi zaidi na ugonjwa huo. Kijidudu chake kinakaa udongoni na kwenye samadi, msumari mmoja kwatoni unatosha. Nimemwona mmoja tu akifa kwa pepopunda, miguu imekakamaa kama ya meza, utando wa jicho umefunika nusu ya mboni. Sitaki kumwona wa pili.

Saa 7 mchana

Ubwabwa na samaki, nimekula nimesimama karibu na jike la ami. Mapigo 56. Dume lake limeweka kidevu juu ya mgongo wake.

Saa 8 na nusu

Ilikuwa niende kijiji cha Matondoni kwa kazi ya meno. Meno ya punda hayaachi kuota, kingo zikawa kali kama kioo, zikakata mashavu, na mwenyewe akadhani punda amekuwa mchaguzi wa chakula. Kwa tupa ndefu unazisawazisha kwa dakika kumi na tano. Nilimtuma mwenzangu, nikabaki.

Mzee aliyeleta mbuzi kimakosa (kliniki yetu ni ya punda, lakini hatukumrudisha) aliniuliza kama ni kweli punda wa bara wanaibwa kwa ajili ya ngozi. Ni kweli. Ngozi huchemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya nzima, na ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha katazo la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Nilifurahi siku ile, na bado nafurahi. Lakini huku kwetu nimeona punda wengi zaidi wakipotea kwa kumeza kamba, na juala, yaani mfuko wa plastiki.

Saa 10 na nusu jioni

Nikamtembeza jike hatua chache uani, kamba imelegea mkononi, dume nyuma yetu. Nikasikiliza tena ubavu wa kulia. Kimya. Kimya. Kisha mngurumo mmoja, mrefu.

Saa 12 na dakika kumi

Ami aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimechuchumaa nyuma ya punda wake, nimevaa glavu, napasua kinyesi. Vidonge saba, vimelainika, na katikati yake kipande cha juala la buluu kimejisokota na uzi wa gunia, urefu wa shibiri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017, lakini jaani bado imejaa.

"Njoo utazame, ami."

Akainama karibu kabisa, miwani mkononi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaokota unyasi mmoja mbichi kutoka kwenye ndoo, akampelekea mdomoni. Jike likanusa, likageuza kichwa. Akamngoja. Likageuka tena, likauchukua, na sote wawili tukasimama tukisikiliza linavyotafuna.