Krediti 64 za Kampala zilivyogeuka 132 nyumbani

Juni 2018 nilipanda basi la Kampala kwenda Bukoba nikiwa na begi moja na madaftari ya miaka miwili. Baba alikuwa amefariki Aprili, na ada ya mwaka wa tatu haikuwepo. Nilikuwa nasoma huko Kampala shahada ya biashara, upande wa uhasibu, na kozi zote 20 za mwaka wa kwanza na wa pili nilikuwa nimefaulu bila sapu, yaani mtihani wa marudio, hata moja. Tulipoteremka mpakani Mutukula kugongewa mihuri, nilijipa moyo kwamba nikipata chuo Tanzania nitamalizia tu mwaka uliobaki.

Mwaka mzima nilikaa nyumbani nikifundisha watoto tuisheni ya hesabu. 2019 nikaomba uhamisho katika chuo kimoja cha hapa nchini. Nilipeleka barua ya maombi, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha sita na karatasi ya matokeo kutoka Kampala. Baada ya wiki tano jibu likaja, mistari minne: mwombaji ana krediti 64 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), mwanafunzi wa hapa akimaliza mwaka wa kwanza anakuwa nazo 120, hivyo mwombaji anashauriwa kuanza mwaka wa kwanza.

Hesabu yao ya 64 ilikuwa sahihi. Kozi 16 zilikuwa za krediti tatu tatu, na nne zilikuwa za krediti nne nne. Kilichoniuma ni kwamba miaka miwili niliyoamka alfajiri kuwahi nafasi maktaba ilikuwa imehesabiwa kama nusu mwaka.

Sikuandika rufaa siku hiyo. Nilikwenda kwanza kwenye idara yenyewe ya uhasibu, na hilo ndilo lililoniokoa. Ofisi ya udahili inaona tarakimu, lakini anayejua kozi ni mwalimu anayeifundisha. Nilimkuta mhadhiri mmoja anasahihisha karatasi.

“Shikamoo, dokta.”

“Marahaba. Kaa.”

Akaisoma barua, akaigeuza nyuma kama vile kuna kitu kimesahaulika, kisha akaniuliza, “Hii kozi yenu ya uhasibu wa gharama, mlikuwa mnakaa darasani saa ngapi kwa wiki?”

“Tatu.”

“Wiki ngapi?”

“Kumi na tano.”

“Haya. Chukua muhtasari wa kozi yetu hapo mezani, uniambie wanafunzi wa hapa wanakaa saa ngapi.”

Ukurasa wa kwanza wa muhtasari ulikuwa na jedwali dogo ambalo nadhani wanafunzi wengi hawalitazami: mihadhara saa 30, semina 15, kazi za mwanafunzi 20, kujisomea 35, jumla saa 100, krediti 10. Mihadhara na semina ni saa 45. Tatu mara kumi na tano ni 45. Tulikuwa tumekaa darasani saa zile zile!

Dokta akanieleza taratibu. Uganda, kwa utaratibu wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la huko, krediti moja ni saa 15 za kukutana na mwalimu. Tanzania, kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Ndiyo maana shahada ya miaka mitatu hapa inafika krediti 360. Kwa hiyo 3 ya Kampala na 10 ya hapa ni kama kilo na ratili: ukilinganisha tarakimu bila kutaja kipimo, mmoja ataonekana amepunjwa.

“Lakini usije na maneno matupu,” akasema. “Lete muhtasari wa kila kozi, wenye mhuri wa idara yako ya zamani.”

Hapo ndipo safari ya kweli ilipoanza. Muhtasari wa kozi mwalimu huugawa wiki ya kwanza, ukaukunja, ukaufungia maandazi. Mimi nilikuwa nimebaki nayo sita. Ikabidi nirudi Kampala, na Kampala nako nilikuwa na deni la ada la shilingi 740,000 za Uganda. Bila kulilipa nisingepewa karatasi ya matokeo iliyothibitishwa wala barua ya kuachiliwa. Ile niliyotumia mwanzo ilikuwa nakala ya kawaida tu. Ilikuwa msimu wa kahawa. Mama alikuwa amekwisha kuanika, akapeleka magunia ya kahawa ya maganda chama cha msingi cha ushirika, akasubiri malipo, akanikabidhi pesa zote bila kubakiza ya sukari. Nikizikumbuka noti zile hadi leo koo linakauka.

Nilikaa Kampala siku tisa nikilala kwa rafiki, tukigawana godoro. Deni nililipa siku ya kwanza. Siku nane zilizobaki zilikuwa za kuzunguka na mihuri. Katibu muhtasi wa idara, mama mmoja mtaratibu sana, alinifungulia kabati la mafaili akanitafutia muhtasari wa mwaka ule ule niliosoma, si wa mwaka mpya, kwa sababu mtaala ulikuwa umebadilishwa katikati. Jambo hilo sikulifikiria mwenyewe. Ningepeleka wa mwaka mpya, mada zisingelingana na matokeo yangu, na mtu makini angeliona. Alipiga mhuri kila ukurasa, kurasa 64, akatia saini ndogo pembeni. Zililingana na zile krediti 64 bila mtu kupanga, nami nikaziona kama dalili njema.

Niliporudi nilitengeneza jedwali la safu tano: kozi ya Kampala, kozi ya hapa inayofanana nayo, mada zinazokutana, saa za darasani za kila upande, na alama niliyopata. Kanuni za chuo zilisema krediti za nje zisizidi nusu ya zinazohitajika kuhitimu, yaani 180, na mada zifanane kwa angalau robo tatu. Nikaomba kozi 15 na kuziacha tano ambazo hapa hazina mwenzake.

Kuna kosa moja nililolifanya kwenye rasimu ya kwanza ya rufaa. Vyuo hivi viwili vilikuwa na hati ya makubaliano ya ushirikiano, nami nikaiweka mbele kama ngao. Dokta akaniambia niitafute niisome. Nikaisoma. Ilihusu utafiti wa pamoja na kubadilishana walimu, na neno krediti halimo popote. Ushirikiano wa vyuo una madaraja mengi. Unaohamisha krediti ni ule unaotaja kozi kwa majina, hii ya huku inakubaliwa badala ya ile ya kule. Nikaifuta aya hiyo. Badala yake nilitaja mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki uliotolewa mwaka 2015 chini ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, na kwamba mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Haya hayakilazimishi chuo kukubali kozi yoyote, lakini yanaonyesha kwamba anayeomba hajabuni jambo geni.

Wala si geni. Jirani yetu mmoja mzee alisoma Makerere miaka ya sitini, wakati Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kuanzia 1963 hadi kilipovunjwa 1970. Nilipomwonyesha kurasa zangu zenye mihuri aliniuliza zote hizo ni za kuvuka Mutukula tu. Nilikosa jibu la kumpa.

Kamati ya kitivo iliniita mara moja. Walinihoji kuhusu kozi tatu. Ya kodi waliikataa, na kwa haki kabisa: kodi ya ongezeko la thamani wakati ule ilikuwa asilimia 18 huku na huko, lakini sheria ni mbili tofauti, na mhasibu atakayekaa mbele ya afisa wa TRA, mamlaka ya mapato ya hapa, na sheria ya Uganda kichwani atamponza mteja wake. Sheria ya biashara ikakataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Ya kompyuta mada zilifanana nusu tu. Nikatakiwa pia kusoma kozi ya maendeleo ya mwaka wa kwanza, ambayo Kampala hatukuwa nayo. Kozi 12 zikapita, sita za krediti 12 na sita za krediti 10. Jumla 132. Seneti ikaidhinisha, nikaingia mwaka wa pili Novemba 2019 nikidaiwa krediti 228.

Nilipoteza mwaka mmoja wa darasani, sikupoteza miwili. Alama za Kampala hazikuingia kwenye GPA, yaani wastani wa alama za shahada. Kozi zile zinaandikwa tu kwamba zimehamishwa. Hili lilinisikitisha, maana nilikuwa na 72 ya uhasibu wa gharama, ambayo kule ni B na hapa ingekuwa A. Anayehama na alama nzuri alijue mapema.

Nilihitimu mwishoni mwa 2021. Jioni ile mama aliitandaza karatasi ya matokeo juu ya jamvi, akaikagua polepole, akauliza kwa nini mistari mingine haina herufi. Nikamwambia hizo ndizo za Kampala. Akaweka kidole kwenye wa kwanza, akahesabu kwa sauti hadi kumi na mbili.