Foleni ya Samunge

Machi 2011 nilimpeleka mama Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Babu. Sukari ilikuwa imemtesa miaka mingi, na mtaani kwetu Arusha karibu kila nyumba ilishatoa mtu wa kwenda kunywa kikombe cha dawa yake. Mimi nilikwenda na ubishi wangu. Kipaimara kilinifundisha kwamba Maandiko yanatosha. Sasa Babu huyo, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, anasema Mungu amemwonyesha mti ndotoni na namna ya kuuchemsha!

Lami iliisha Mto wa Mbu. Engaruka tukala vumbi, tukaupita Ol Doinyo Lengai, tukapanda mlima juu ya Ziwa Natron, halafu gari likasimama. Mbele yetu foleni haikuwa na mwisho. Tulilala humo siku mbili, watu 11 ndani ya Land Cruiser moja, na mjadala ukaanza wenyewe.

Kijana mmoja mlokole alimulika Biblia kwa simu akatusomea Yoeli 2:28: "wazee wenu wataota ndoto." Kwake kesi ilikuwa imeisha. Mwalimu mstaafu kutoka Rombo, rozari mkononi, akatikisa kichwa. "Mwanangu, ufunuo wa wote ulikamilika na mitume. Mengine ni ya faragha. Hata Fatima, kule Ureno Bikira Maria alikowatokea watoto, Kanisa limeikubali, lakini halikulazimishi kuiamini."

"Sasa mwalimu, huku umefuata nini?"

"Mgongo."

Tulicheka mpaka dereva akaamka.

Aliyenivutia zaidi ni mama mmoja wa Kipare, Msabato. Alisema wao nabii wanaye, Ellen White, na hata huyo alijiita nuru ndogo ya kuwaelekeza watu kwenye nuru kubwa, yaani Biblia. "Kama yeye tunampima, Babu ni nani nisimpime?" Akafungua Isaya 8:20, "Na waende kwa sheria na ushuhuda," akaacha kidole pale. Kila gari lililokuwa linarudi alilipungia mkono lisimame, aulize swali lilelile: "Anaomba kwa jina la nani?"

"La Yesu, mama. Na ni shilingi 500 tu."

Mimi nilikwama penginepo. Babu alisema dawa haifanyi kazi isipotoka mkononi mwake. Luther, mwanzilishi wa kanisa letu, alihangaika kuitafsiri Biblia ili hata muuza samaki aisome mwenyewe. Hapa neema ilikuwa na mkono mmoja, na sisi maelfu tuliungoja.

Zamu yetu ilifika alfajiri. Kikombe cha plastiki, maji ya rangi ya chai, machungu. Mama alikunywa kwa mkupuo mmoja. (Sukari haikwenda popote, aliendelea na vidonge vyake.) Mwalimu alipiga ishara ya msalaba kwanza. Yule mama wa Kipare alikishika chake muda mrefu, midomo ikicheza, kisha akanywa chote.

Tulipogeuza gari alitoa kalamu, akaandika kitu pembeni mwa Isaya 8. Nilipochungulia, akafunga kitabu.