Msongamano wa Nyumba Newham na Uhaba wa Wauguzi na Mabwana Afya

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Newham, mashariki mwa London, tumezoea kuambiana kwamba kubanana ni kwa muda tu, hadi mambo yatakapotengemaa. Hata hivyo, sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya kaya moja kati ya tano hapa haina vyumba vya kulala vya kuitosha, kiwango kinachopita maeneo mengine yote ya England na Wales.

Sheria yenyewe ina kipimo kilicholegea zaidi. Sheria ya Nyumba ya 1985, iliyorithi kipimo hicho kutoka ile ya 1935, huhesabu hata sebule kuwa mahali pa kulala, humhesabu mtoto asiyefika miaka 10 kuwa nusu mtu, na ambaye hajatimiza mwaka haimhesabu kabisa. Katika kazi yangu ya ukalimani nimeingia katika vyumba ambamo kitanda cha mtoto mchanga kimeegemezwa kwenye ukuta wenye ukungu kwa kuwa hapakubaki upande mwingine, nguo zimeanikwa ndani, na dirisha halifunguliwi kwa kuogopa baridi.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mtoto huyo huyo ndiye anayetakiwa kutembelewa na muuguzi nyumbani wiki mbili hivi baada ya kuzaliwa, na mara nyingi hiyo ndiyo nafasi pekee ya mhudumu wa afya kuona wanaolala humo ni wangapi. Tangu Oktoba 2015 huduma hiyo iko mikononi mwa halmashauri, zinazoigharamia kwa ruzuku ambayo thamani yake imepungua, na wauguzi wa aina hiyo nchini England wamepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Muuguzi aliyeelemewa hupima uzito, hujaza fomu na kuondoka kabla mama hajapata ujasiri wa kuwataja wapangaji wa chumba cha pili.

Mabwana afya wa halmashauri nao, ingawa Sheria ya Nyumba ya 2004 inawapa uwezo wa kukagua msongamano na ukungu, hawawezi kubisha hodi kila nyumba. Mwaka 2013 Newham iliitangulia England nzima kwa kuwataka karibu wapangishaji wote binafsi wawe na leseni; naiunga mkono hatua hiyo, ila masharti ya leseni yanahitaji watu wa kwenda kuyathibitisha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, muuguzi akija mwelezeni bila kuficha mnalala wangapi na katika vyumba vipi. Anayekohoa kwa zaidi ya wiki tatu amwone daktari, kwani uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu hapa ni bure kwa kila mtu, hata asiye na kibali cha kuishi.